Kabla Hujapanda Ngazi za Heledd

Tegid, mlango ni ule wa kijani, kando ya mwoka mikate.
Hauna jina. Una kengele, nayo ni mbovu.
Gonga, kisha panda ngazi kumi na saba
polepole, kwa magoti haya tuliyoyaacha machimboni.
Yeye hukusikiliza ukipanda:
uchunguzi umekwisha kuanza, nawe hujavua kofia.

Usitarajie tunguri. Usitarajie ramli,
wala chungu kinachotokota, wala paka.
Mimi nilitazamia paka.
Nilimkuta Heledd Prydderch, binti wa yule fundi saa,
sweta lina tundu kiwikoni, pua nyekundu kwa mafua.
Mganga hajigangi, nikasema moyoni,
nikajiona mjanja.

Akanipima presha kwa mashine kama ya hospitali.
Akashika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu,
akanyamaza muda wa birika kuchemka.
Akaniomba ulimi.
Ulimi uleule nilioutoa darasani nikachapwa
leo unaombwa kwa adabu,
unasomwa dirishani kama barua.

Daktari wetu ana dakika kumi, na simlaumu,
foleni yake inafika barabarani.
Huyu ana saa nzima na nusu, na penseli.
Usiku unakula nini? Unaamka kukojoa mara ngapi?
Miguu hupoa?
Choo atauliza pia, jiandae,
usitazame dari kama shemasi.
Kisha: unalala upande gani wa kitanda?
Wa ukutani, nikasema.
Na ule mwingine?
Ni wa Nesta.
Nilisema *ni*, Tegid.
Miaka miwili tangu tumzike, nikasema *ni*.
Akaweka penseli chini.
Kule kwa mwoka mikate mtu alikuwa akipigapiga unga,
tukausikiliza huo.

Mimi nilikuwa nimefuata ua moja tu,
lile la manjano la kando ya reli,
ukilifinya linakutia wekundu vidoleni.
Binamu yangu wa Bangor aliapa kwalo.
Nikaanika vidonge vyangu mezani, kama alivyoagiza
(nawe beba vyote, hata vya dukani, hata mafuta ya samaki).
Akainua kimoja, kile cha kuzuia damu isigande.
"Hiki na ua lako havikai chungu kimoja.
Sikupi."
Nilihamaki. Pauni arobaini, nilipie kunyimwa?
Lakini anayekwambia jiwe hili lina ufa
kabla hujalipandisha paani,
huyo tunamjua, mimi na wewe, ni fundi.
Akamwandikia daktari barua mbele yangu, akanisomea.

Nilipewa maua makavu ya ule mti wa nyuma ya kanisa,
ule tuliopita chini yake na jeneza.
Kijiko kimoja. Funika kikombe. Ngoja dakika kumi.
Chupa ilikuja baadaye, daktari alipojibu:
mzizi unaonuka soksi zetu za zamu ya usiku,
matone ishirini, na uso unajikunja wenyewe.

Utaniuliza, umepona?
Zamani nilikuwa macho tangu saa nane.
Sasa nafika saa kumi, juzi kumi na moja.
Sijui ni maua,
au ni kule kufunika kikombe,
mtu kuwa tena na kitu cha kungojea.
Heledd naye hajui. Alisema hajui,
na hakutoza kwa kusema hivyo.

Na hicho kikohozi chako, usikiite vumbi la mawe tu.
Mficha maradhi, mwisho wake unaujua.
Ile leso unayoikunja haraka tukiwa baa,
nimeiona. Mwonyeshe.
Atakutuma hospitali, hatakupa hata jani,
nami nitakuendesha.

Ah, na vaa soksi nzima.
Miguu ataitazama.