Herufi ya Kwanza

Daktari wa masikio kule Aberdeen alichora mstari:
ukaenda sawa, ukaenda sawa, kisha ukaporomoka
kama jabali la Troup linavyoishia baharini.
"Sauti za juu ndizo zinazotangulia kwenda," alisema,
na Dod akanitazama mimi, si yeye,
asome mdomoni mwangu alichoambiwa.

Miaka arobaini amepuliza zumari la kiriba,
harusini, makaburini, kwenye maonyesho ya ng'ombe Turriff,
mvua ikimwingia kolani.

Kwetu Buchan lipo neno: skirl.
Ukilitamka, ulimi utetemeke katikati.
Usilimeze.
Ni zumari likipanda hadi malaika ya shingo yasimame.
Ni nguruwe aliyekwisha kujua kisu ni cha nani.
Ni upepo wa Januari chini ya mlango wa nyuma,
na ni mimi, nina miaka tisa, siku Bibi Geddes
aliponitoa darasani kwa kucheka:
"Elspet, hiyo skirl kaifanyie zizini!"

Kwa mpiga zumari, sifa. Kwa msichana, aibu.
Neno ni lile lile. Sijui nani alitugawia.

Halafu kuna chakula. Mafuta ya ng'ombe, kitunguu,
chenga za oti, chumvi kuliko anavyotaka daktari.
Kikaango hulia, na chakula kikarithi kilio:
skirlie, ndivyo tunavyokiita,
kama mtoto aliyepewa jina la ukwenzi wa mamaye.

Zamani Dod alikuwa ukumbini bado, anavua viatu,
akipaza sauti: "Tia oti, kimeanza!"
Hakukosea hata siku moja.
Sasa huja mpaka jikoni, miwani ina ukungu,
akatazama vitunguu vikicheza ngoma isiyo na mdundo,
akauliza, "Bado?"

"Skirl, Dod. Skirl."
Hilo hulisikia, kwa kuwa neno
hukaa chini ya mlio linaoutaja,
kama mchungaji aliyebaki bondeni
mbuzi wake wakiwa kileleni.
Ila ile s ya mwanzo nayo ni ya kileleni.
Hubisha mlangoni kwake, ikarudi.
Yeye hupata kirl tu,
neno lililoingia ndani bila kofia.

Juzi nilicheka, kicheko kile kile cha Bibi Geddes,
mbwa akainuka kwenye mkeka.
Dod aliendelea kumenya kiazi.

Jana usiku nikachukua mkono wake
nikauweka kwenye mpini wa kikaango.
Mafuta yakaanza. Nikabana meno,
nikaitoa ile herufi peke yake, ndefu,
hadi sikujua ipi yangu, ipi ya vitunguu.
Alifumba macho. Kiganja kikatulia
kama kinasubiri zamu yake kupiga.

"Tia oti," akasema.