Fremu ya 141

Herbert Lepasaar, fundi mstaafu wa kodiani,
alivua saa, mkanda, miwani,
akauliza kama jino la dhahabu litaleta shida.
Nikamwambia halina shida.
Nikamziba masikio, nikamshindilia sponji kando ya mashavu,
nikamwambia lile tunalowaambia wote:
usisogee. Hata kidogo. Hata pua ikikuwasha.

Nje, Tartu ilikuwa digrii kumi na nane chini ya sifuri,
mto umeganda, wanafunzi wanakatiza juu yake na mikoba yao.
Hata mto, nilijiambia, umetii.

Mashine ikaanza kugonga.

Sasa ni usiku. Amekwenda zake na basi la saa kumi,
nami nimebaki na kichwa chake
kilichokatwa vipande thelathini na sita
kila sekunde mbili, mara mia tatu.
Kompyuta inaishika picha ya kwanza, inaipa cheo cha ukweli,
kisha inazirudisha nyingine zote kwake, moja moja,
kama mama anayenyoosha kola za watoto mlangoni.
Mistari sita inajichora:
mitatu ya kusogea, mitatu ya kuzunguka.
Pumzi yake imo humo, wimbi dogo.
Kumeza mate kumo.
Dakika ya tano inaanza na kikohozi; nakijua, nilikisikia.
Na polepole, tangu mwanzo hadi mwisho,
kichwa kinadidimia kwenye sponji, chini ya milimita moja,
uzito wa mtu anayeanza kukiamini kitanda.

Halafu fremu ya 141.
Mstari wa nne unaruka. Digrii mbili na nusu:
kidevu kilikwenda kifuani, kikarudi.
Tetemeko analo mikononi, ndilo lililomleta kwetu,
lakini halijapanda shingo.
Nikafungua daftari la zamu. Saa nane na dakika kumi na mbili
nilibonyeza kitufe, nikasema kwenye kipaza sauti:
"Bwana Lepasaar, u mzima humo?"

Kusema alikatazwa.
Aliitikia kwa kichwa.

Wahenga wana neno lao kuhusu maji yaliyomwagika;
mimi nalipwa kuyazoa,
na mara nyingi nayazoa. Haya yamenishinda.
Picha iliyopigwa kichwa kikiinama imevurugika hadi ndani;
ukiinyoosha, unanyoosha doa.
Nafuta 141, 142, 143,
na 144 kwa tahadhari.
Kwenye safu ya sababu naandika: mgonjwa alisogea.

Nayatazama maneno hayo mawili.
Nayafuta. Naandika: nilimuuliza.

Programu inakataa, inanionyesha orodha yake, inataka nichague.
Nachagua la kwanza.

Ubongo utakaomfikia daktari asubuhi ni safi,
umetulia tuli mwanzo hadi mwisho,
kama wa mtu ambaye mle ndani
hakuna aliyemjulia hali.