Hatua Kumi na Mbili

Mara tatu msimu huu nimetolewa mbioni,
mara tatu kwa upana wa kiganja:
bati langu hewani kama mkono wa mtu anayeaga,
vijiti vimeshalala,
na Jobanputra wa daftari la alama
anaiandika sifuri yangu polepole,
anaizungusha vizuri, kama anayechora yai.

Nina miaka thelathini na sita.
Jumatatu hadi Jumamosi nahesabu misumari na bawaba
dukani, mjini Jinja.
Jumapili navaa suruali nyeupe iliyotiwa buluu,
najiita mchezaji wa kriketi.
Mke wangu, Naigaga, hunichokoza mlangoni:
"Mbio za sakafuni huishia ukingoni."
Laiti! Huo ukingo ndio ninaoutafuta.
Zangu huishia hatua moja kabla.

Mwalimu Nangobi, wa netiboli kule Walukuba,
alikuja kumtazama kaka yake, akanitazama mimi.
"Miguu unayo," akasema.
"Ila unakimbia kama uliyebeba debe la maji kichwani,
wima, shingo ngumu, unaogopa kumwagika.
Nani kakwambia hii ni mita mia?
Ni hatua kumi na mbili. Halafu unageuka."

Usiku ule nilizihesabu uani.
Kumi na sita.

Basi alfajiri akanipeleka kwenye reli ya zamani,
pale nyasi zilipokwisha kumeza chuma.
Taruma hadi taruma,
kisha kuruka moja, kisha kuruka mawili.
"Usiipige ardhi, isukume! Kiwiko nyuma!"
Ukungu wa Nile ulikuwa bado umelala bondeni,
na mbuzi mmoja, kamba shingoni,
alikuwa akinitazama kwa huruma
isiyo ya kawaida kwa mbuzi.

Wiki ya tatu akanivika pedi.
Zikapigana makofi magotini mwangu njia nzima,
shangwe pekee niliyowahi kupigiwa.

Akachora mstari wa chaki kwenye saruji.
"Usiupite mstari kama mgeni anayetafuta choo.
Inama mapema. Gusa. Rudi.
Na hilo bati, mbona unaliinua?
Lisukume chini chini,
kama barua unayoipitisha chini ya mlango
wa mtu asiyetaka kukufungulia."

Nikapungua: kumi na nne. Kumi na tatu.
Paja likakaza, nikakosa kazi siku mbili,
nikamdanganya bosi kwamba ni malaria.

Lakini lililoniua mara zote tatu
halikuwa mguuni. Lilikuwa neno.
Mimi na mwenzangu Tenywa tulikuwa na neno "ngoja."
Yeye akisema ngoja, mimi nimeshafika katikati,
nusu mtu huku, nusu kule,
na mpira hauna habari ya ngoja.
Tukalizika neno hilo nyuma ya kibanda cha chai.
Tukabakiza mawili: Njoo. Kaa.
Atakayeita, aaminiwe.
Hilo lilikuwa gumu kuliko mataruma yote,
maana Tenywa ananidai elfu themanini tangu Pasaka.

Jumapili, dhidi ya vijana wa Soroti,
niliudokoa mpira kushoto, karibu mno,
mpira ambao zamani ningeutazama tu.
"Njoo!"
Sikuutazama.
Nilisikia pedi, nikasikia pumzi,
nikaisukuma barua yangu chini ya mlango,
vijiti vikaanguka nyuma yangu,
na mwamuzi akakaa kimya, mikono mifukoni.

Tulishindwa kwa mbio thelathini na moja.
Sitasema uongo.
Lakini nilipita mezani kwa Jobanputra, nikachungulia:
kistari kimoja, wima, chembamba,
alichokiandika upesi, bila madaha.

Nyumbani Naigaga aliiinua suruali kwenye mwanga,
udongo mwekundu kuanzia goti hadi kifundo.
"Sasa hii ni nini?"
"Ukingoni," nikasema.
Akanitupia sabuni.