Betri Moja

Nyuma ya nyumba yetu Wete kuna banda la makuti,
na ndani gari mbili zimetazamana
kama mawifi waliokosana harusini.

Hii Morisi, rangi ya mtindi.
Babu Shaame aliinunua mwaka hamsini na saba
kwa karafuu za msimu mmoja, na makonyo juu yake.
Haina taa za kukonyeza. Ikitaka kukata kona
hutoa kijimkono chekundu ubavuni,
kama mtoto wa chuoni anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.
Kile cha kushoto kiligoma kabla sijazaliwa,
ndiyo maana babu, wanasema, alikuwa akikata kulia tu
na kufika kila mahali amechelewa.

Ile Korola ya themanini na saba.
Ilishushwa Mkoani na uzee wa kwa watu,
redio yake haijapata kushika stesheni ya kwetu,
na kiooni imebandikwa karatasi ya maandishi ya Kijapani
ambayo baba aliifuta vumbi miaka yote akidhani dua.
Kumbe tarehe ya kubadilisha oili.

Unaniuliza ipi gari.
Ukifunga mlango wa Morisi, mtaa mzima unajua umerudi.
Wa Korola unasema fu, kama mtu azimaye kibatari.
Ukifungua boneti ya babu unaiona ardhi,
unaingiza mkono mpaka kwapani, unagusa kila ugonjwa.
Ya Korola imesongwa mipira na nyaya,
fundi Faki hutazama, hukuna kidevu, hutaja pesa.

Lakini, yakhe, tuseme kweli.
Usiku wa uchungu wa mama, wanaume sita waliisukuma Morisi
mpaka Limbani. Ikakohoa mara mbili, ikalala.
Aliyekuja ni jirani Mbarouk, miguu chini, na Korola yake,
na kabla hatujafika Chake nilikuwa nimeshatoka,
nalia kwenye kiti cha nyuma. Doa lipo.
Mwaka uliofuata baba akainunua:
gari iliyokunywa damu yetu, alisema, hailali kwa watu.

Betri tunayo moja. Kwa spana namba kumi naihamisha,
Ijumaa ya babu, siku zilizobaki ya baba,
na kanga zangu zote zina matundu ya asidi.

Jana alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake.
Akaigonga Morisi kwa kidole: hiki chuma, mwanangu.
Akaigonga Korola: hili kopo la maziwa.
Bei ya kilo ni moja, akasema, ila babu yako ana uzito.
Nipakie hii?

Nilikuwa nimeikumbatia betri, haiko kwa huyu wala kwa yule.
Nikamwambia angoje.
Nikaifunga kwenye Korola, nikawasha, ikaitika mara ya kwanza,
nikairudisha nyuma polepole mpaka mlangoni mwa banda
ikamzibia Morisi njia.

Kisha nikaifungua betri, nikaingia nayo ndani,
nikaiweka chini ya kitanda.