Mkumbushaji

Kisanduku changu kiko chini ya ukingo wa jukwaa,
kipana kama jeneza la mtoto, na taa moja hafifu.
Kutoka humu, watu ni viatu.
Hakimu namjua kwa ngozi inayolialia,
mkunga kwa soksi zake za sufu,
kisigino kimetiwa kiraka cha uzi usiolingana.

Ghala hili liliweka shayiri zamani.
Bado linanuka pumba, na usiku wa leo
theluji inausukuma mlango
kama mtazamaji aliyechelewa.

Mchezo wenyewe si mrefu.
Mvua ya mawe inaipiga shayiri siku tatu kabla ya mavuno,
na njaa inataka jina.
Ndipo Apolonia, miaka kumi na miwili,
anasema amemwona Kunigunde mkunga
akiosha jiwe kwenye chemchemi.
Jiwe. Basi.
Ukurasa wa nane ni jiwe,
wa kumi na mbili lina macho,
wa ishirini limezaa.
Lisemwalo lipo, anasema padri, na kama halipo laja,
naye anatoka hadi nusu ya njia kulipokea.

Husemwa: mchawi mpe mwana kulea.
Hawa walikwisha mpa wote.
Hakuna kichwa kijijini
ambacho viganja vyake havikukishika kwanza,
kikiwa bado chororo, kikiwa bado na damu.

Karani analipwa kwa ukurasa,
ndiyo maana mwandiko wake ni mpana.
Mume anauliza swali moja tu katika mchezo mzima:
kuni, atalipia nani?

Hakimu ni Ruprecht, mwokaji mikate.
Mazoezi ya kwanza alituona haya:
nitamfokeaje Hedwig, ndiye anayenipa dawa ya presha?
Wiki ya tatu hakuhitaji kuelekezwa.
Wiki ya tano nilimsikia dukani
akimwita kijana wa kupeleka mikate "mshtakiwa".
Wateja walicheka. Nami nilicheka,
nikalipa, nikaenda nyumbani nikaula ule mkate.

Na Annelore, anayecheza Apolonia,
tulimfunza kulia kwa kumkumbuka mbwa wake.
Sasa mama yake anatuomba
tumfunze kunyamaza.

Usiku wa nne. Ukurasa wa arobaini na moja.
"Taja," anasema hakimu. "Watatu tu,
nawe utalala kitandani mwako."

Hapo Hedwig anapaswa kutaja.
Soksi hazisogei.

Kazi yangu ni hii na si nyingine:
ukimya ukipita hesabu ya tano, niutie neno.
Nilihesabu tano. Nilihesabu tisa.
Mtu alikohoa nyuma. Ngozi ya hakimu ililia.
Nikanong'ona: Walburga Lenk.

Kiti kikalia safu ya tatu.
Wapo akina Lenk mpaka leo, nyumba ya karibu na daraja;
mtunzi aliyaokota majina makaburini
na hakumbishia mtu hodi.

Nikarudia, kwa nguvu kidogo,
na sauti yangu ikaenda nisikoituma,
ikapanda nguzo, ikagonga mabati,
ghala zima likalisikia jina.
Karani, ambaye hapo hana la kufanya,
akachovya kalamu.

Ndipo Hedwig akainama.
Usiku kucha sikuwa nimeuona uso wake;
poda ilikuwa imepasuka kandokando ya mdomo.
Akaniambia, neno lisilo katika karatasi yangu:
"Sijasikia."

Watu walidhani ni mchezo. Wengine walipiga makofi.
Alikuwa amesahau? Alikuwa amekataa?
Sijamuuliza, na kila wiki nanunua dawa kwake.

Majina mawili yalikuwa yamebaki
chini ya kidole changu, yamepigwa chapa, yako tayari.
Nikaifunika taa kwa kiganja.
Mkono ukawaka mwekundu, nikaiona mifupa yangu.
Na huko juu viatu vya hakimu
vikawa vinasubiri.