Pimamaji

Kila tukipanda basi, Zuwena binti Seif hutuhesabu
kwa kidole, midomo ikicheza kama asomaye uradi:
kumi na sita, kumi na saba, kumi na wanane. Haya.
Kiswahili chake ni cha bibi yake wa Wete,
kimekunjwa sandukuni na karafuu kisiliwe na nondo.
Basi kwake ni motokaa,
na tukizubaa: "Hima, nyie! Jua halina mwenyewe!"

Muskati sikumbuki ila marumaru, na viatu vyangu
nilivyovua mlango mmoja nikatokea mwingine.

Nizwa niliipima kwa hatua. Ndiyo kazi yangu,
mpima ardhi mstaafu, Songea,
miaka thelathini na mitatu ya vigingi na minyororo.
Otilia, mke wangu, alijifanya hanijui.
Juu ya kila mlango wa ngome pana tundu:
hapo walimimina asali ya tende ikitokota
juu ya vichwa vya maadui.
"Kufa kwa utamu," akasema Otilia,
na mlinzi, asiyejua Kiswahili, akacheka naye.

Bahla ilipita. Jabrin ilipita, na dari zake za maua.

Ila Misfa! Mfereji umelikumbatia jabali,
falaji, mwembamba, mteremko wake mdogo
hata jicho langu lililokula mshahara wa serikali halikuuona.
Nani aliulaza hivi, bila timazi, bila pimamaji?
Nikachutama. Nikatia mkono.
Maji yenyewe ndiyo pimamaji, mzee mzima wewe.
Huku nyuma Zuwena akahesabu mara tatu,
mara tatu akapata kumi na saba.

Ibra, mtaa wa kale. Majumba hayana paa,
milango ina maua tunayoyajua.
Gaudensi, mdogo wetu safarini, akauliza
lile tulilokuwa tukilizunguka tangu Jumatatu:
"Hela za kujengea zilitoka wapi?"
Basi likawa mbali ghafla.
Zuwena akafunga mwavuli wake.
"Karafuu. Na karafuu haijichumi.
Ilichumwa na mikono, mikono ilikuwa na majina,
na majina hayakuandikwa mlangoni.
Nalipwa kueleza kuta. Hili nalieleza bure."
Nami nikanyamaza, Mngoni mimi:
misafara ya kwenda Kilwa ilipita kwetu,
na wa kwetu si wote waliofungwa kamba.
Wengine waliishika.

Jioni ile mchanga wa Sharqiya.
Hapa kigingi changu kingekuwa kichekesho:
mlima uliopo leo umepanga tu, haukununua.
Tukala wali na mbuzi kwenye mkeka,
na safari hii Otilia ndiye aliyehesabu, kwa kidole,
polepole, hadi kumi na wanane, akaendelea,
akamgusa Zuwena bega: "Kumi na tisa.
Kaa ule, mwanangu. Umesimama wiki nzima."
Akakaa. Akala kwa haraka, kama mtoto aliyechelewa shule.

Kabla ya kulala, mazoea hayana dawa,
niliweka glasi ya maji nje ya hema, juu ya mchanga,
nikaikandamiza ikae wima.
Usiku kucha upepo ulifanya kazi yake.
Alfajiri nikaikuta imeinama upande,
nusu imefukiwa,
na ndani yake maji
yamelala sawasawa.