Michembe

Nilifungua mfuko mezani pa hesabu,
ghorofa ya pili, ziwa likimetameta dirishani.
Mwombeki akainua mmoja kwa ncha ya kalamu:
"Limi, mshamba haachi shamba, ee?"
Wakacheka. Hata mie nilicheka,
kicheko cha kuazima.

Hawaijui Ngudu mwezi wa saba,
mama akikata viazi, akianika
juu ya mwamba unaochoma nyayo,
akipima kwa macho tu
vinywa kumi na kimoja hadi mvua.
Hakukosea.
Hesabu wanayonilipia hapa
nilianzia pale.

Tarehe ishirini na nne, mshahara bado njiani,
Mwombeki akanisogelea, sauti chini:
"Limi, ile... ile mikavu yako imebaki?"

Ina jina, nikamwambia.
Litaje.